Geti Dogo la Upande wa Riruta

Wiki yangu ya kwanza kazini nilipotea msituni. Nawaambia hili mapema, nyinyi vijana mliopewa sare juzi mkadhani sare inajua njia. Yangu haikujua. Kaptula ya kaki, buti zilizonizidi, rungu, filimbi shingoni, na ndani ya hayo yote mtu wa Butere ambaye tangu afike Nairobi kazi yake ilikuwa kubeba magunia kwenye maduka ya jumla ya Ngara.

Koplo Mbugua, mkubwa wangu, alinituma asubuhi nikague mpaka wa upande wa Riruta, nirudi kabla ya chakula cha mchana. Kufikia saa nane nilikuwa nimeupita mti uleule wa muhugu mara tatu. Nikapuliza filimbi. Nilipuliza mpaka mbega walio juu ya miti wakanyamaza kunisikiliza. Mwishowe wakatokea wanawake wanne, kila mmoja na mzigo wa kuni mgongoni, ukanda wa ngozi umepita kwenye paji la uso. Wa mbele akanitazama kuanzia buti hadi kofia.

"Wewe askari, unapulizia nani hiyo filimbi?"

"Nawapulizia nyinyi," nikasema. "Mna kibali?"

"Tuko nayo. Wewe uko na njia?"

Walicheka mpaka kuni zikatikisika. Huyo aliyeniuliza aliitwa Wambui, lakini watu wote walimwita Mama Nyokabi. Alikaa Riruta, pale ambapo siku hizi mnapaita Satellite. Alinitoa msituni akitembea mbele yangu na mzigo wake, akinionyesha kijito, akinionyesha mwamba, kama mtu anayemtembeza mgeni nyumbani kwake. Tukatokea kwenye geti dogo, mlango wa mbao usio na kufuli kwenye seng'enge ya mpaka, katikati ya nguzo mbili, ambao wanawake wa Riruta walipitia kuingia na kutoka.

Koplo Mbugua hakunicheka. Alinipa chai kwenye kikombe cha bati, akauliza ni nani aliyenitoa. Nilipomwambia, akasema, "Hao kina mama ndio askari wa huu msitu. Sisi tunavaa nguo tu."

Nilidhani anatania. Baadaye niliona mwenyewe. Ruhusa yao ilikuwa Jumanne na Ijumaa, kuni kavu zilizoanguka zenyewe, bila shoka wala panga. Mwanamke akivunja tawi bichi, wenzake walimgombeza kabla sisi hatujafika. Wao ndio waliotuambia chui amezaa wapi. Wao ndio waliotuonyesha mitego ya waya.

Geti dogo lilikuwa ombi la Mbugua. Kwao kulikuwa ukingoni mwa msitu huo tangu babu zake. Aliwahi kuniambia kwamba wakati wa ukoloni mtu mweusi akikutwa humo bila karatasi alikuwa na kesi, ilhali wenye farasi kutoka Spring Valley walipita wakipunga mikono. Uhuru ulipokuja akaiendea ofisi mara nne, akiomba mlango mmoja tu upande wa watu wanaotembea kwa miguu. Mara ya nne wakachoka naye, wakampa.

Baadaye kidogo ofisi ikafungua msitu kwa wote siku za Jumapili. Tukapigilia ubao mkubwa mbele, kwenye geti kubwa: KARIBUNI, MSITU NI WETU SOTE. Watu wakaja kweli. Bwana mmoja mwenye tai aliniuliza simba wamefungiwa wapi. Familia moja ya Kihindi kutoka Ngara ilitandika zulia juu ya njia ya siafu, na sijawahi kumwona bibi wa umri ule akikimbia namna ile. Tulipomaliza kuwatoa siafu, bibi mwenyewe alinipa chapati na achari, na hiyo achari ilinitoa machozi kuliko siafu walivyomtoa yeye.

Mbugua alikuwa na namna yake ya kushughulika na umati. Hakupenda vibao vingi. Alisema watu hufuata mguu wa aliyetangulia. Kwa hivyo akitaka kuua njia ya mkato iliyoanza kumomonyoa mteremko, alilaza matawi ya miiba juu yake, kisha akaifyeka njia halali iwe rahisi kuliko ile. "Usimfungie mtu mpaka umempa pa kupitia," aliniambia huku tukiburuta miiba. Nilisema ndiyo, afande. Nilikuwa mwepesi sana wa kusema ndiyo, afande.

Na moto. Moto uliruhusiwa mahali pamoja tu, kwenye mafiga ya mawe karibu na geti kubwa. Lakini Mbugua alikuwa na desturi ya kuzunguka kila Jumapili jioni kutafuta majivu ya wakaidi. Alinifundisha kuyapima: uiname, uweke mgongo wa mkono karibu na majivu, maana kiganja cha mtu wa jembe hakisikii kitu. Mchanga haufai, mchanga unaficha tu. Maji, ukoroge kwa kijiti, maji tena, kisha mgongo wa mkono tena.

Sasa nakuja kwa lile lililonifanya nikubali kuwaandikia.

Jumapili moja ya kiangazi walikuja vijana wa ofisini kutoka mjini, wamebeba nyama ya mbuzi. Mmoja wao, Shiundu, alikuwa wa kwetu Butere. Nilipofika mjini sina pa kulala, Shiundu ndiye aliyenipokea chumbani mwake miezi mitatu bila kuninunia hata siku moja. Waliyatazama yale mafiga ya getini, yamejaa watoto wa watu na moshi, wakasema wanataka kuchoma chini kule kijitoni, kwenye kivuli.

"Haikubaliki," nikasema.

"Yohana," Shiundu akasema, "hata mimi utaniambia haikubaliki? Tutazima. Mimi si mtoto."

Mbugua alikuwa upande mwingine. Nikawaachia wapite.

Jioni nilikwenda kuangalia. Walikuwa wamefukia majivu kwa udongo, wakaupigapiga vizuri ukawa laini. Nilipaona pasafi. Nikapakanyaga kwa buti mara mbili, nikaenda nyumbani. Sikuinama. Ni hilo tu ambalo sikulifanya.

Jumatatu mchana upepo ukaamka. Sitawaeleza sauti ya mihugu ya miaka mingi ikiungua, kwa sababu sijui maneno yake. Tulipigana na ule moto siku tatu, sisi na watu wa Riruta. Wanawake walileta maji kwa madebe kupitia geti dogo, na Mama Nyokabi ndiye aliyewapanga mstari kutoka kijitoni. Siku ya pili tawi likamwangukia Mbugua begani. Alipona, lakini mkono wake wa kulia haukuinuka tena kupita kifua, na moshi ulimwachia kikohozi ambacho hakikumtoka mpaka alipokufa. Ofisi ikamstaafisha.

Nilikwenda kwake Dagoretti kumwambia ukweli. Nilikaa kwenye kigoda, nikaanza kuzunguka na maneno, akanikata.

"Nilijua siku hiyohiyo. Nilikuta mifupa ya mbuzi chini ya mti."

"Na hukuniandika kwenye ripoti?"

"Nikuandike, halafu mkono irudi?" Akakohoa, akapumzika. "Skiza, Yohana. Hii makosa ni yako. Basi hata hasira ikae kwako. Usiende kumwagia watu."

Nikasema ndiyo, afande.

Mimi ndiye niliyepewa nafasi yake. Na tangu siku hiyo kila mtu niliyemwona msituni nilimwona ana kiberiti. Jumapili niliwapekua watu mifuko, mpaka wakaanza kupungua, nami nikafurahi. Msimamizi alipokuja kutoka ofisi ya mjini kuuliza tufanye nini moto usirudi, nilimjibu hata kabla hajakaa: tufunge geti dogo. Watu wote wapite geti kubwa, ambapo nitawaona. Aliafiki. Hakuna aliyenituma, vijana. Wazo lilikuwa langu, na mbao nilizipigilia kwa mkono wangu, nikazungushia seng'enge juu.

Jumanne wanawake wakafika. Mama Nyokabi alisimama upande wa pili wa seng'enge, ukanda wake mkononi.

"Yohana, hii ni nini?"

"Imefungwa, Mama Nyokabi. Mtapitia geti kubwa."

"Moto ilitoka kwa sisi?"

"Sijasema hivyo."

"Ilitoka kwa nani?"

Nilitazama chini. "Ni amri," nikasema.

"Amri ya nani?"

"Ya ofisi."

"Geti kubwa ni kuzunguka msitu mzima. Niende huko na nirudi, watoto wakule saa ngapi?"

"Mama, mimi sina la kufanya. Amri ni amri."

Hakukasirika, na hilo ndilo ninalolikumbuka. "Ile siku ulipotea," akasema, "mimi sikukuuliza amri." Akawageukia wenzake, wakaondoka.

Majuma yakapita. Hawakuja geti kubwa. Nikaandika kwenye ripoti kwamba waokota kuni wamepungua, na msimamizi akanisifu. Sikujiuliza watu wale wanapikia nini. Mtu mwenye njaa haachi kupika kwa sababu askari amepigilia mbao. Kama ningekwenda kutembea ukingoni siku moja, siku moja tu, ningeona.

Upande ule kulikuwa na kwari ya zamani, shimo refu walikochimba mawe ya kujengea nyumba za mjini, wakaliacha. Seng'enge ya mpaka ilikoma pale kwa sababu hakuna aliyefikiri mtu mwenye akili angepita. Wanawake walipata njia kwenye mdomo wa lile shimo, njia nyembamba kama mshipi, ukuta wa mwamba mkono mmoja na hewa mkono wa pili. Walikuwa wanaingilia hapo na kutokea hapo, na mizigo. Kisha masika yakaanza.

Ilikuwa Ijumaa, asubuhi, mvua imekatika kidogo. Mmoja wa wanawake wale alikuja mbio kibandani kwangu, matope hadi kiunoni, hana mzigo.

"Mama Nyokabi ameanguka kwa kwari."

Nyinyi mliozaliwa na jiko la gesi huenda hamjui jinsi mzigo ule unavyobebwa. Uzito wote unaning'inia kwenye paji la uso. Mguu ukiteleza, mzigo ukaenda nyuma, unakwenda na kichwa. Mtu hana nafasi ya kuutoa ukanda. Nilishuka kwa kamba. Alikuwa amelala kati ya mawe, ameshakata roho, na mzigo wake uko vilevile, haujalegea hata kuni moja. Alikuwa anajua kufunga.

Tulimpandisha, mimi na askari wawili, tukakata miti miwili na kutengeneza machela kwa makoti yetu. Wanawake walitusubiri juu. Ndipo mmoja akauliza tutampitishia wapi. Kwenye mdomo wa kwari watu wanne hawawezi kubeba machela. Geti kubwa lilikuwa upande wa pili wa msitu. Njia ya kumfikisha nyumbani ilikuwa moja.

Tukambeba hadi geti dogo, tukamweka chini kwenye nyasi zilizolowa. Nikaanza kung'oa. Sikuwa na kifaa cha kung'olea misumari, nilikuwa na panga na mikono. Seng'enge ikanichana. Misumari haikutoka. Nilikuwa nimepigilia vizuri sana, vijana, nilikuwa nimepigilia misumari mirefu na kuikunja upande wa pili. Wanawake walisimama wakinitazama. Hakuna aliyelia kwa sauti, hakuna aliyenitukana, hakuna aliyenisaidia. Mvua ikaanza tena, na mmoja wao akavua leso yake akamfunika marehemu uso, kisha akarudi kusimama. Sijui ilichukua muda gani. Tangu siku ile nimefanya kazi nyingi ngumu, ile ndiyo ninayoiota.

Mumewe aliitwa Njoroge, mpishi kwenye nyumba moja ya Spring Valley. Nilikwenda mazishini bila sare. Nilisimama nyuma, lakini watu walinijua, wakajitenga nami pande zote nikabaki peke yangu kama mti shambani. Njoroge alinifuata mwenyewe, suti yake ina udongo magotini.

"Ni wewe ulifunga?"

"Ni mimi. Si ofisi. Ni mimi."

"Na ile moto?"

"Ni mimi pia. Niliacha watu wangu wawashe."

Nilingoja anipige, na ningeshukuru. Badala yake alinyoosha mkono kwa kijana aliyekuwa karibu, akachukua koleo lake, akanipa.

"Basi fukia," akasema.

Nikafukia. Nilifukia mpaka mwisho, na hakuna aliyenipokea koleo.

Jumatatu nilikwenda ofisini nikaandika yote, kuanzia Shiundu na mbuzi wake hadi misumari iliyokunjwa. Msimamizi alisoma, akavua miwani, akaniuliza kama nina wazimu. Walinivua cheo, wakanipeleka kwenye kitalu cha miche, ambako kwa miaka miwili nilijaza udongo kwenye vikopo na kupandikiza mihugu midogo ambayo wajukuu wa wajukuu zangu ndio watakaokaa kivulini pake. Geti dogo likabaki wazi. Hakuna aliyekuwa na uso wa kulifunga tena.

Waliponirudisha msituni nilikuwa mtu mwingine, ingawa sikuwa bora kwa kila kitu. Nilikuwa na uoga wa aina nyingine. Nilikuwa siwezi kuweka hata kamba njiani bila kwanza kuipita ile njia na watu wake, mara mbili, wakati wa jua na wakati wa mvua, tena nikiwa nimebeba kitu kizito, maana njia ya mtu asiye na mzigo ni njia nyingine kabisa. Niliacha filimbi nyumbani. Jumapili nilikaa kwenye mafiga na waliokuja kuchoma nyama, nikawafundisha kuweka mgongo wa mkono, na watoto wao wakaupenda huo mchezo. Moto mwingine mkubwa haukutokea zamu zangu. Fanyeni hivyo na nyinyi. Ni kazi ndogo, na hakuna atakayewasifu kwa moto ambao haukuwaka.

Lakini kina mama wa Riruta hawakurudi. Walikuja wachache, mwaka mmoja hivi, wakipita geti dogo haraka bila kuzungumza. Kisha wakazoea makaa na mafuta ya taa. Mitego ya waya ikaongezeka, na hakukuwa na mtu wa kuniambia iko wapi.

Miaka ya sabini ikiwa inaelekea ukingoni, asubuhi moja nilikuta vigingi vimechomekwa kwenye ukingo wa msitu, kuanzia kwari hadi nje ya geti dogo. Vilikuwa na rangi nyekundu juu. Kuna watu walikuwa wameleta karatasi kwamba kipande kile kimekaa bure, hakitumiki, na wao wana matumizi nacho. Tukaambiwa siku fulani atakuja bwana mmoja wa ofisi ya ardhi kusikiliza wanaokitumia.

Nilizunguka Riruta nyumba kwa nyumba. Nilikwenda hata Ngara kumtafuta Nyokabi, ambaye sasa alikuwa mama wa watu, fundi wa kushona, ana cherehani yake kwenye kibaraza cha duka. Alinisalimia kwa heshima, akanipa stuli.

"Njoo useme," nikamwomba. "Sema tu kwamba mama yako alipita pale, na mama yake pia. Ule ni msitu wenu."

Alishona mpaka mwisho wa mstari, akakata uzi.

"Mama alikuwa anaujua," akasema. "Sisi tuliambiwa tusikaribie. Mimi, baba, ule msitu najua ni mahali ya askari. Nitaenda kusema nini?"

Siku yenyewe ilifika. Yule bwana alikuja na daftari, akasimama kwenye geti dogo, viatu vyake vimepigwa rangi. Wenye karatasi walikuwa sita, wote na magari. Upande wangu nilikuwa mimi, na njia ya Riruta ilikuwa tupu.

"Watumiaji wa sehemu hii ni akina nani?" akauliza.

Nikageuka nyuma. Nikamwona Njoroge anapanda polepole, koti lake juu ya aproni ya kazi. Alikuwa ameomba ruhusa kwa tajiri wake, akatembea kutoka Spring Valley. Hatukuwa tumezungumza tangu mazishi. Alikuja akasimama kando yangu.

"Wewe mzee, unatumia msitu huu?" bwana akamuuliza.

"Hapana. Mimi sijawahi kuingia."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Kusema bibi yangu alikuwa anapita hapa."

Bwana alingoja kama kuna lingine. Hakukuwa na lingine. Aliandika maneno machache, akafunga daftari, akawashukuru wenye magari kwa muda wao. Wote wakaenda zao. Mwezi haukuisha, ukuta ulikuwa umeanza kupanda.

Siku ile walipokwisha kuondoka, Njoroge alibaki ameshika nguzo ya geti. Akaniuliza kama ile njia bado iko, ile ambayo Mama Nyokabi alikuwa akiipita kabla sijafunga. Nikamwambia iko, imeota nyasi tu. Akaomba nimwonyeshe. Tukaingia, tukaitembea hadi kijitoni na kurudi, wanaume wawili, na hatukukutana na mtu.